Habari ya dakika tatu kwa simu ya Madam: namna ya kuitengeneza ukiwa bado sekondari

Habari yangu ya kwanza ilirushwa mbele ya watu 700 hivi na hakuna aliyeisikiliza. Ilikuwa Ijumaa, paredi ya asubuhi, shule ya kata huku Temeke, mimi nikiwa kidato cha pili. Spika mbili zimefungwa kwa waya kwenye nguzo za baraza, amplifaya inakoroma, nami nimeshika karatasi, pua nimeibana ili nisikike kama wale wa taarifa ya saa mbili usiku. "Imeelezwa kuwa shule yetu inakabiliwa na changamoto ya upungufu wa maji. Wito umetolewa kwa wanafunzi wote kuja na maji kutoka majumbani." Dakika nne nzima. Waliokuwa mbele walichora mchanga kwa ncha za viatu. Waliokuwa nyuma walikuwa wananakili hesabu za wenzao.

Saa ya chai, Madam aliyekuwa analea klabu ya habari akaniita. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Umetutangazia kwamba shule haina maji. Haya. Wote tumekuja na madumu, nani alikuwa hajui?"

Nilibaki kwenye klabu hiyo mpaka nikamaliza kidato cha nne. Siku hizi Jumamosi nikipata nauli naenda kukaa na wadogo zangu walioirithi, na maswali yao ni yale yale niliyokuwa nayo. Nayaandika hapa mara moja, koo langu lipumzike. Mengi ni ya sauti, maana redio ya shule ndiyo tuliyokuwa nayo: spika, simu moja, na dakika tatu kila Ijumaa. Ya video nitayagusa mbele, kwa kifupi.

Simu si yako, na hewani si popote

Simu kwa mwanafunzi shuleni ni marufuku, kwa hiyo usianze klabu kwa kuificha moja kwenye soksi. Sisi tulitumia ya Madam. Tulikuwa na daftari la kukabidhiana: jina, saa ya kuchukua, saa ya kurudisha, chaji imebaki asilimia ngapi, sahihi. Tulilidharau daftari hilo mpaka siku mwalimu wa nidhamu aliponikuta nyuma ya vyoo nina simu mkononi. Nilikuwa narekodi sauti ya bomba kavu likipumua. Ungemweleza vipi mtu mwenye fimbo jambo la namna hiyo? Daftari ndilo lililomweleza.

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi, weka simu kwenye hali ya ndege. Mara ya kwanza kumhoji mkuu wa shule, alipofika kwenye jibu lenyewe simu ikaita. Alikuwa mume wa Madam, yupo Feri, anauliza achukue vibua au jodari. Kinasa sauti kilijizima, na mkuu hakurudia tena vile alivyosema mwanzo. Watu hawarudii. Wanakupa toleo la pili lililopigwa pasi.

Jambo lingine linawauma sana wadogo zangu: msipandishe habari mtandaoni kwa pupa. Kanuni za maudhui ya mtandaoni, zilizotoka mwaka 2018 na kuandikwa upya mwaka 2020, zinamtaka anayetoa habari kwa umma mtandaoni awe na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Klabu ya shule haina. Paredi inatosha, kikao cha wazazi kinatosha. Kama habari imekuwa kubwa kuliko uwanja wa paredi, mwalimu aipeleke kwenye chombo chenye leseni.

Mada haina miguu

"Maji" ni mada. "Usafiri" ni mada. Huwezi kuifuata mada barabarani, haina miguu. Madam alinirudisha kwenye ile ile habari ya maji kwa sharti moja: nisimletee kitu chochote nilichokuwa nakijua kabla ya kutoka darasani.

Nikaanza kukagua madumu getini. Ya lita tatu, ya lita tano, lile la mafuta ya kupikia ambalo maji yake yana harufu ya chipsi. Binti mmoja wa kidato cha kwanza alikuwa na dumu la lita tano, na kila siku lilikuwa linafika nusu. Nikamuuliza linavujia wapi.

"Halivuji, dada. Namwaga mwenyewe kituoni. Likijaa konda anasema ni mzigo, nilipie."

Nilisimama pale kama niliyemwagiwa hayo maji. Mkuu wa shule hakuwa anajua jambo hilo, Madam hakuwa analijua, na mimi niliyetangaza upungufu wa maji kwa dakika nne sikuwa nalijua. Ndipo nilipoanza tabia niliyo nayo mpaka leo. Kabla ya kutoka, naandika pembeni mwa daftari jibu ninalolitarajia. Nikirudi na lile lile, nahesabu kuwa sijaenda.

Kwa hiyo siku iliyofuata niliamkia kituo cha daladala cha Mbagala Rangi Tatu. Na hapo nikafanya kosa. Niliingiza simu kwenye mfuko wa mbele wa begi, zipu nimeiacha wazi kidogo, nikajipanga na wanafunzi wenzangu mlangoni mwa daladala. Nilichokitaka nilikipata bila jasho: "Denti, denti, subiri linalokuja! Wawili tu, nimesema wawili!" Sauti safi, hasira safi. Nilirudi shuleni naelea.

Madam alisikiliza mpaka mwisho. "Anajua kwamba umemrekodi?" Hajui. "Basi kesho ukamwombe."

Ningeweza kumsema Madam hapo kwamba ananiharibia. Nilimsema, moyoni, njia nzima. Lakini nilienda, nikiwa na mwenzangu mmoja, na tukamkuta konda yule yule ameketi juu ya tairi la akiba, ana chai na maandazi mawili, gari lake liko la nne kwenye foleni. Nikamsalimu, nikajitambulisha, nikamwambia natengeneza habari ya shule kuhusu wanafunzi na daladala na naomba nimrekodi. Akacheka. "Unataka nikatukanwe na shule nzima?" Nikamwambia kuna sehemu moja tayari ninayo, niliirekodi jana kwa siri, na bila ruhusa yake naifuta. Akanitazama. Akasogea pembeni kidogo, ili nikae kwenye lile tairi.

Aliyoyasema hayakuwemo kabisa kwenye daftari langu. Wakati huo mwanafunzi alikuwa analipa 200. Mtu mzima alikuwa analipa mara mbili ya hiyo au zaidi, kwa kiti kile kile na mafuta yale yale. "Tajiri hapokei hesabu ya madenti. Nikijaza kumi, pengo nalilipa mimi jioni." (Tajiri ndiye mwenye gari, hesabu ni fedha anayopelekewa jioni.) Kisha akanyamaza, akakung'uta makombo kwenye suruali, akasema, "Mimi nina mwanangu anasoma Chamazi. Kila asubuhi namwombea akutane na konda asiye kama mimi."

Kama ningerusha ile sauti ya begini, paredi ingezomea na wote tungerudi madarasani tumeridhika. Tulirusha zote mbili, "subiri linalokuja" kwanza, "asiye kama mimi" mwisho, kwa ruhusa yake. Hakuna aliyechora mchanga siku hiyo. Na sitakudanganya: madenti waliendelea kuachwa vituoni. Habari ya dakika tatu haipangi nauli. LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, ndiyo inayopanga.

Usimuulize mtu anajisikiaje

Kengele ya shule yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwembe, na aliyeipiga ni mlinzi, babu mmoja mtaratibu mwenye kofia. Nilipangiwa kutengeneza kipande kumhusu. Nikamwamkia, akaitika, nikaanza: "Babu, unajisikiaje kupiga kengele ya shule kwa miaka yote hiyo?"

"Najisikia vizuri, mjukuu wangu."

"Una changamoto gani katika kazi yako?"

"Changamoto hazikosekani."

Maswali kumi na moja, majibu ya namna hiyo. Anayeulizwa kwa lugha ya risala hujibu kwa lugha ya risala. Nilikuwa nimeshafunga daftari nikamuuliza tu kwa sababu nilitaka kujua: "Babu, umewahi kuchelewa kuipiga?"

"Mara moja."

Nilikuwa nimefundishwa kuhesabu moja hadi tano kimyakimya kabla ya kuuliza swali jingine. Hicho ndicho kitu kigumu kuliko vyote nitakavyokwambia hapa, kwa sababu kimya kikizidi sekunde mbili kinawasha mwili. Nikahesabu. Moja, mbili, tatu. Kwenye nne akaendelea.

"Siku mke wangu alipolazwa. Nilifika saa mbili na nusu nikakuta shule nzima imetulia, hakuna aliyeipiga, mnanisubiri. Alifariki Jumanne. Jumatano niliipiga kwa wakati."

Simu ilikuwa bado inarekodi, shukrani kwa uzembe wangu wa kutokuizima. Na ndiyo maana nakwambia: usizime mpaka umeagana na mtu. Nusu ya habari nzuri nilizozipata zilisemwa baada ya "haya, asante sana". Ila mkumbushe kuwa bado unarekodi, na ukimaliza muulize kama hilo la mwisho unaruhusiwa kulitumia. Babu alifikiri kidogo, akasema nitumie, "lakini ile kengele isikike".

Uliza siku. Uliza mara ya kwanza, mara ya mwisho, saa ngapi, ulikuwa umeshika nini. "Niambie ulivyofanya asubuhi ya leo tangu ulipoamka" ni swali lisiloshindwa, mama lishe atakupa nusu saa.

Sauti ya mahali

Wazee wetu waliokulia kwenye Redio Tanzania Dar es Salaam watakwambia walijua taarifa ya habari imefika kabla mtu hajatamka neno, kwa zile ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, mpigaji asiyeona aliyepiga ngoma nyingi kwa pamoja. Sauti inaita kabla ya neno. Ya Babu tulianza na rimu, mapigo matatu, halafu miguu ya watu 700 wakikimbia mchangani, halafu ndipo nikasema kitu.

Hizo sauti hazijileti. Kila unapokwenda, ukimaliza mahojiano, simama nusu dakika hadi dakika nzima, usiongee, rekodi mahali penyewe. Sokoni, kituoni, darasa tupu. Darasa tupu nalo lina sauti yake, na utaihitaji kuzibia pale ulipokata maneno, la sivyo mkato unasikika kama mtu aliyefungiwa mlango.

Umbali wa simu na mdomo wa anayeongea ni shubiri moja. Tandaza kiganja, gumba kwenye simu, kidole cha mwisho kwenye kidevu chake (usimguse, kadiria). Isogee pembeni kidogo ya mdomo ili "p" na "b" zisipige kama makofi. Ishike wewe. Ukimkabidhi mtu simu anageuka mhubiri. Na kabla hujaanza, jua matundu ya maiki yako wapi. Kwenye simu nyingi yako chini, na kidole chako ndicho kinachoyaziba.

Upepo wa Dar ni adui. Nilikwenda kurekodi wanafunzi wanaovuka kwa pantoni kutoka Kigamboni, nikaona vizuri niwahoji humo humo ndani, bahari ikiwa nyuma, mandhari mazuri. Nilirudi na dakika 22 za injini na upepo. Hakuna sentensi hata moja iliyopona. Safari ya pili niliwahoji kwenye banda la kusubiria, nimegeuzia upepo mgongo, simu nimeivisha soksi safi ya mtoto, kisha tukiwa majini nikairekodi injini peke yake. Ukivichanganya baadaye, msikilizaji anavuka nao, na hakuna anayekuuliza uliwahojia wapi. Akikuuliza, mwambie ukweli.

Feni ya ofisini izime. Friji ya kantini isogelee kama unaitaka, ikimbie kama huitaki. Muadhini na kwaya usiwapiganie, subiri wamalize.

Karatasi ya kusomea

Madam alikuwa na orodha ya marufuku ubaoni. "Imeelezwa kuwa." Nani ameeleza? "Wito umetolewa." Umetolewa na nani, ukaenda wapi? "Wananchi wametakiwa." "Changamoto" iliruhusiwa mara moja kwa muhula, na lazima uiombe. Tulicheka, lakini jaribu kuandika ukurasa mmoja bila maneno hayo utaona unavyolazimika kujua mtu halisi na kitendo halisi.

Maneno yetu ya Kiswahili ni marefu, "wanaokabiliana" peke yake ni pumzi nzima. Mimi husoma maneno 110 hivi kwa dakika nikisoma kwa utulivu. Habari ya dakika tatu yenye sauti za watu wawili na sauti ya mahali inabakiza nafasi ya maneno 160 yangu, si zaidi. Karibu kila mara ninayoandika ni 300. Kazi iko kwenye zile 140 za kutupa.

Mwanzo wangu wa kwanza wa ile habari ya daladala ulikuwa hivi: "Wanafunzi wengi wa maeneo ya Mbagala wamekuwa wakikumbwa na adha ya usafiri hali inayosababisha kuchelewa vipindi." Baada ya kutupa, ikawa sauti ya konda, kisha: "Hili ni gari la tatu kumwacha. Dumu lake lilikuwa limejaa. Sasa ni nusu." Isome kwa sauti. Hata ukiwa nyuma kabisa ya paredi, umechelewa na unaona jua tu, unaelewa.

Kosa moja linawapata wote, nami nililifanya mwaka mzima: unatambulisha sauti ya mtu kwa kusema kile kile anachokwenda kukisema. "Konda huyu anasema tajiri hapokei hesabu ya wanafunzi." Kisha konda: "Tajiri hapokei hesabu ya madenti." Madam aliita hiyo kasuku, na alikuwa anapiga mluzi kila ilipotokea. Wewe mpeleke msikilizaji mlangoni, mwache mwenye nyumba afungue: "Jioni, gari likiegeshwa, kuna mtu anayemsubiri." Basi. Konda aingie.

Tarakimu kwenye karatasi ya kusomea ziandike kwa maneno, na uzipunguze. Hakuna sikio linalobeba tarakimu tatu kwa mpigo.

Tulificha jina, tukasahau sauti

Hili nililiandika na kulifuta mara mbili. Novemba 2021 serikali iliwafungulia mlango wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito warudi shuleni. Mwaka uliofuata, nikiwa kidato cha tatu, kwetu alirudi mmoja. Nilimjua. Nilimwomba tuzungumze, akakubali, akazungumza vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumrekodi: anavyonyonyesha saa kumi alfajiri na daftari la baiolojia liko pajani, bibi yake anavyoleta mtoto getini saa ya chai. Tuliahidi hatutamtaja. Hatukumtaja.

Ijumaa tukaicheza. Sekunde kumi za kwanza zilipita. Kisha mstari wa kidato cha pili ukaanza kugeuza vichwa, mmoja mmoja, kumtafuta. Ana kigugumizi kidogo kwenye "k". Shule nzima ilikijua kigugumizi hicho.

Hakuja shule siku tatu. Mimi na Madam tulikwenda kwao Jumatano jioni, Madam ndiye aliyeongea na bibi, mimi nilitazama mkeka. Alirudi Alhamisi. Hakunilaumu, jambo lililokuwa baya zaidi, na hatukuwahi kuzungumza tena kama zamani.

Kwa hiyo shika haya. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu mtoto kuwa yeyote aliye chini ya miaka 18. Karibu kila unayemhoji shuleni yumo, nawe mwenyewe umo. Habari ikigusa mwili, ugonjwa, nyumba yenye ugomvi au kosa, kibali cha mwenzako hakitoshi. Mzazi au mlezi ajue, mwalimu ajue, na mwenyewe asikilize kipande kilichokamilika kabla ya kurushwa, akiwa na haki ya kusema hapana hata Ijumaa asubuhi spika zimeshawashwa. Kama mnamficha, ficheni na sauti: maneno yake ayasome mtu mwingine, na mseme wazi kwamba anayesoma ni mwingine. Kubadilisha sauti kwa programu ikawa nzito kama jini hakusaidii, lafudhi na kigugumizi vinabaki. Ficheni na mtaa, na yule bibi wa getini. Baada ya hapo wachezeeni watu watatu wa klabu wasiojua ni nani. Mmoja akikisia, hamjaficha.

Sijui kama hata hivyo ningeirusha leo. Nadhani ningemsikiliza tu, bila simu.

Kukata, kusoma, kurusha

Tulikatia kwenye kompyuta pekee iliyokuwa nzima maabara, kwa Audacity, ambayo ni ya bure. Kwenye simu zipo programu nyingi, itoshe moja unayoijua vizuri. Ondoa maswali yako, ondoa kujirudia, lakini acha pumzi. Mtu asiyepumua anatisha. Usichukue jibu la swali la tatu ukaliweka chini ya swali la kwanza. Nimeona likifanyika na wakubwa, si hoja.

Sauti yako ya usimulizi irekodie stoo ya vitabu au kwenye magodoro, au jifunike kitenge gubigubi kama mgonjwa wa malaria. Simama, usikae. Msimulie mtu mmoja. Mimi nilikuwa namweka mdogo wangu kichwani, ambaye akichoka kusikiliza huondoka bila kuaga. Sauti ya kubana pua iliniisha yenyewe siku niliyosoma habari ya Babu, maana ilikuwa inanitia aibu.

Kisha, kabla ya Ijumaa, icheze kwenye spika zile zile, wewe ukiwa umesimama mwisho wa uwanja. Kilichokuwa kitamu kwenye hedifoni hufia hewani. Sauti za mahali tulizozipenda zilikuwa zinameza maneno, tukajifunza kuzishusha zaidi ya tulivyodhani.

Video: simu ilaze, usiisimamishe, iegemeze kwenye matofali au dirisha. Kila picha ihesabie sekunde kumi bila kuitikisa, ya mbali, ya kati, ya karibu, na ya karibu ziwe nyingi kuliko mbili nyingine zikijumlishwa: mikono, mfuniko wa dumu, rimu na nondo yake. Jua liwe nyuma yako, si nyuma ya mtu. Sauti ikiwa mbovu hakuna picha itakayokuokoa, kwa hiyo rudi juu ukasome upya habari ya shubiri.

Ukishairusha, nenda kakae na watu wa mstari wa nyuma. Usiulize kama wameipenda. Waulize wamekumbuka nini. Wakikutajia dumu, umefika.

Majina ya mafaili

Hili ni dogo na ndilo ninalowapigia kelele zaidi. "Recording 14" si jina. Andika tarehe, mahali, nani, nini, siku hiyo hiyo kabla hujarudisha simu. Nakala moja ikae kwenye kompyuta ya maabara, nyingine kwenye flashi ya Madam, nyingine kwako ukiwa umemaliza shule. Simu ile ya Madam iliibwa kwenye daladala nilipokuwa kidato cha nne, na karibu mwaka mzima wa kazi zetu ulikwenda nayo, wakiwemo wale wa pantoni.

Mwaka jana shule ilifunga kengele ya umeme. Babu alikuwa ameshapumzika kwao Rufiji, mwembe ulikatwa kupisha darasa jipya, na rimu hakuna anayejua ilikokwenda, labda kwa wauza chuma chakavu. Wadogo zangu wa klabu waliniuliza ilikuwa inaliaje. Nikawachezea: mapigo matatu, miguu, kisha mzee mmoja akikohoa kidogo kabla ya kuanza kuongea. Sekunde 41. Faili linaitwa tarehe ile, getini, Babu, kengele, na nimelihifadhi sehemu tatu.